Maji Yaliyorudi Chumbani kwa Ayeeyo

Nakumbuka siku moja, mwanangu Ifrah, ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, jua la Garissa limeshaanza kuuma, nami nimesimama mlangoni mwa bafu letu nikiitazama mashine ya kufulia ikitetemeka kama ngamia anayekataa mzigo. Ikatulia, kama inavuta pumzi, kisha ikaanza kumwaga maji. Maji yakaingia kwenye tundu la sakafuni. Yakazunguka. Halafu yakarudi, yakaja na povu na mchanga na kitu cheusi kama majani yaliyooza, yakavuka kizingiti, yakashika ukumbi, na kabla sijapata kitambaa yalikuwa yameshaingia chumbani kwa Ayeeyo, mama yake babu yako, na kuulowesha msala wake.

Ayeeyo alikuwa amekaa juu ya kitanda, miguu ameipandisha. Aliniangalia, akayaangalia maji, akaniuliza swali moja tu: "Haya ni najisi au si najisi?"

 Nina digrii ya uchumi, mwanangu, na nilichoweza kufanya ni kupiga magoti nikikausha kwa kitambaa.

Kabla sijaendelea, niseme jambo. Najua utacheka kusikia nasaha kutoka kwangu. Tumepishana miaka michache, nimehitimu juzi, sina kazi, na mvi sina hata moja, ingawa mawazo yangu yanastahili mvi. Lakini mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, na mimi ni eeddo wako, shangazi, hata kama tungezaliwa siku moja. Mwenye haki ya kukupa nasaha hizi alikuwa Ayeeyo, naye sasa yuko Ijara, hataki kuzungumza habari za nyumba yetu. Kwa hiyo nazibeba mimi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chako cha Nairobi, samahani, kinamchekesha hata mbuzi.

Nimesikia babako atakupa mashine ya kufulia uende nayo kwa wakwe zako Wajir. Nilipoambiwa sikulala vizuri. Ndiyo maana ya maneno haya.

Ile mashine yetu pia alituletea yeye. Aliileta kwa sababu ya mikono ya Hooyo, yaani mama yangu, bibi yako. Hujaiona mikono ile kwa karibu siku hizi. Vifundo vimevimba, vidole vimepinda upande mmoja kama miti ya huku kwetu inayopigwa na upepo mmoja mwaka mzima. Hooyo amefua nguo za nyumba ile tangu alipoolewa: za babu yako mpaka alipofariki, zetu sote, shuka na nguo za Ayeeyo, na wakati mwingine kanzu za Adeer Bashir, mdogo wake babu yako, ambaye nyumba yake na yetu ziko ndani ya ua mmoja. Daktari alimwambia aache kukamua nguo nzito, la sivyo vidole vitajifunga na havitafunguka tena. Hooyo akamjibu, "Basi niambie ni nani atakamua." Babako alipopata habari hiyo alileta mashine, na mimi niliyekaa bure nyumbani nikapewa kazi ya kuiendesha.

Kwa hiyo elewa kilichokuwa hatarini. Wengine walisema ni dude la anasa. Sisi tulijua ni vidole vya Hooyo.

Maji yaliporudi Ijumaa ile, mtu wa kwanza kuja alikuwa Adeer. Tangu babu yako afariki, yeye ndiye baba wa nyumba zote mbili, na sitakuficha kwamba alitulea vizuri katika mengi. Alisimama ukumbini, macawis yake, kile kikoi cha kiunoni, ameishika isilowe, akatikisa kichwa.

"Brofesa," akaniita. Hilo ndilo jina alilonipa siku niliyohitimu. "Hukufundishwa kwamba mto una kingo?"

"Nitarekebisha, Adeer."

"Rekebisha. Ayeeyo wako hawezi kusali ndani ya ziwa."

Nikarekebisha, au nilidhani nimerekebisha. Nilianza na mashine yenyewe, kwa sababu kila mtu alisema kosa ni la mashine. Nikauchomoa mpira wake wa kutolea maji kwenye tundu la sakafuni, nikautumbukiza ndani ya ndoo, nikaiwasha. Ikamwaga vizuri, bila kusita. Basi mashine haina kosa. Nikachukua ndoo ile ile nikaimimina polepole kwenye tundu. Nusu ikaingia, nusu ikanirudia miguuni. Basi ugonjwa uko kwenye bomba.

Nikakaa chini nikawaza kwa nini hatukuugundua mapema, na jibu lilikuwa rahisi. Hooyo alipofua kwa mkono alikaa uani, na maji ya beseni aliyamwaga kwenye mwarobaini. Sisi tunaoga kwa kopo, maji machache yanayochuruzika taratibu. Bomba lililokaribia kufa linaweza kuyameza hayo kidogo kidogo, likiyavujisha ardhini kwenye viungo vyake, siku ikapita. Mashine haina subira hiyo. Inatapika maji yake yote kwa mara moja.

Nikafungua kichujio cha sakafuni, nikaingiza waya niliokunja ncha, nikavuta. Kikaja kitu kinene, kizito, kinanuka: nywele zetu sote, nyuzi za nguo, mchanga wa mji huu usiokwisha, na vyote vimegandishwa kwa kasili, ule unga wa majani tunaosugulia nywele na uso. Ukipenda nywele laini kama sisi, mwanangu, jua kwamba ule unga haupotei. Unakwenda kukungoja kwenye bomba. Kitu chenyewe kilikuwa na ukubwa wa mkia wa kondoo. Hooyo alipokiona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwaka mzima wa warembo," alisema. "Hebu kizike mbali, kisije kikatuposa."

Siku ile nyumba yetu ilikuwa na furaha. Nayaweka hapa maneno haya kwa sababu hayatarudi.

Tulipofua tena, maji yalirudi tena. Msala wa Ayeeyo ulilowa mara ya pili, na safari hii na godoro likaguswa. Ayeeyo hakuniuliza kama ni najisi. Alianza kukunja vitu vyake mwenyewe, akahamia kona ya pili ya chumba. Bora angenigombeza.

Nikachukua waya mrefu zaidi. Nikauingiza ukaenda, ukaenda, kisha ukagonga kitu kigumu. Huo haukuwa ulaini wa uchafu. Ulikuwa mgongo wa jiwe. Nikauwekea alama, nikautoa, nikaulaza juu ya ardhi uani nikifuata njia ya bomba. Ncha yake ikafika nyuma ya nyumba ya Adeer, chini ya dirisha la majlisi yake mpya, kile chumba kizuri alichojenga kwa ajili ya wageni wake wa soko la mifugo. Hapo kuna chemba yenye kifuniko cha zege. Maji ya nyumba zote mbili hukutana ndani yake, halafu huenda kwenye shimo moja.

Adeer alikuwa sokoni. Nikakiinua kifuniko.

Upande wa bomba la Adeer kulikuwa na unyevu, maji ya asubuhi yamepita. Upande wetu ulikuwa mkavu kama mkate wa jana. Na mdomo wa bomba letu ulikuwa umezibwa kwa simiti. Nilitamani iwe ni simiti iliyodondoka wakati wa ujenzi. Nilitamani sana. Lakini simiti iliyodondoka haina uso laini. Hii ilikuwa imejazwa ikashindiliwa, kisha ikalainishwa kwa mwiko, kazi safi ya mtu aliyetaka jambo lake limalizike vizuri.

Nikakirudisha kifuniko, nikakaa juu yake.

Mimi nikikaa hivyo, mwanangu, ni hatari. Akili yangu haikai. Labda fundi alifanya mwenyewe bila kuagizwa. Labda Adeer aliagiza akasahau. Labda anakumbuka na anangoja aone tutafanyaje. Nikimwambia peke yake atajua nilikwenda kupekua nyuma ya nyumba yake wakati hayupo. Nikimwambia mbele ya watu nitamvunjia heshima. Nikimwambia babako kwa simu, atakuja na hasira za Nairobi, na ua utagawanyika. Nilifikiria mpaka kumwambia Ayeeyo, nikasema hapana, ni mzee, moyo wake hautastahimili kusikia hili kuhusu mwanawe. Nikajiona nina busara sana kwa kumhurumia.

Mwishowe nikamwambia Hooyo. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Basi yafumbe, hooyo." Unajua mama wa kwetu humwita mtoto kwa jina lake yeye mwenyewe la umama, siku ile neno hilo lilinikata. "Huyo ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza babako. Huyo ndiye atakayesimama siku yako ya nikaha. Kwa ajili ya maji ya nguo utamfanya mwizi?"

"Na mikono yako?"

"Mikono yangu ni yangu."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu shule ya msingi, niliiandikia insha nikapewa alama nzuri. Kuijua na kuiishi ni vitu viwili.

Baada ya siku chache Adeer aliitisha kikao. Palitandikwa mkeka uani baada ya sala ya alasiri. Alikuja yeye na jirani yetu Mzee Dubow, ambaye hualikwa kwenye kila jambo kwa sababu hajawahi kumpinga mtu. Ayeeyo alibaki chumbani kwake. Hooyo alileta chai, mimi nikakaa pembeni.

"Hili dude limekuja na mto wake," Adeer alisema. "Kwani Tana hautoshi?"

Mzee Dubow akacheka. "Wallahi, mimi nimefuga ngamia maisha yangu yote. Sijaona mnyama anayekunywa tangi zima kisha akalitapika lote palepale."

"Na ngamia angalau ana maziwa."

"Ana maziwa na ana haya!"

Wakacheka wote wawili. Hooyo akawa anammiminia Mzee Dubow chai, na chupa ikamponyoka, chai ikamwagika kwenye sahani.

"Shemeji," Mzee Dubow akasema, na nadhani aliuliza kwa wema, "mikono yako imefanya nini?"

"Imefua, Mzee," Hooyo akajibu.

Kicheko kikakatika.  Kama kulikuwa na mlango wa kuingilia, mwanangu, ulikuwa ule. Adeer aliuona pia, kwa sababu alikohoa, akaiweka bilauri yake chini, akaufunga haraka.

"Ndiyo maana nimeona tusiitupe mashine," alisema. "Tuihamishie kwangu. Kwangu maji yanakwenda vizuri. Wake za wanangu watafua nguo za nyumba zote mbili. Shemeji atapumzika, Ayeeyo atasali pakavu."

"Mashallah," Mzee Dubow akasema. "Penye wazee hapaharibiki neno."

Kisha Adeer akanigeukia. Sitasahau alivyonigeukia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mlango uliobaki wazi kidogo. "Brofesa, wewe ndiye uliyeyachunguza maji haya. Una la kusema?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeliandaa kwa sura nyingi: sura ya upole, sura ya swali, sura ya mzaha, sura inayomtupia fundi lawama yote. Nikaanza kuchagua. Nikapima ipi itamuudhi kidogo zaidi, na Hooyo ananitazama, na Mzee Dubow anakunywa chai, na nilipokuwa bado nachagua nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hapana, Adeer."

"Alhamdulillahi," akasema, akaifuta bilauri yake kwa kidole.

Wanaume wakaja wakaibeba mashine. Nilitembea nyuma yao nimeshika mpira wake usiburute mchangani. Fikiria hilo. Niliushika mpira.

Majuma ya kwanza nguo zetu zilirudi safi. Baadaye zikaanza kurudi kwa kuchelewa, kisha zikarudi nusu, nguo ya Ayeeyo imechanganyika na za watu, shuka limekuwa la waridi. Wake za binamu zangu si watu wabaya. Walikuwa na watoto wadogo na nguo zao wenyewe, na jambo la watu wote mara nyingi halina mtu. Hooyo hakulalamika. Asubuhi moja nikasikia mlio niliokuwa nimeusahau, mlio wa karai likiburutwa uani.

Ayeeyo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kivulini, ananiangalia ninavyomwangalia Hooyo. Hooyo alikuwa anajaribu kukamua shuka. Vidole havikufunga. Alilizungushia kwenye mkono, akavuta kwa kiwiko, maji yakachuruzika kidogo tu, shuka likabaki zito. Akalianika hivyohivyo, linadondoka.

"Njoo hapa," Ayeeyo akaniambia. Nikaenda. "Mbona lile dude halifuriki kwa Bashir?"

"Kwake maji yanakwenda, Ayeeyo."

"Yanakwenda wapi? Shimo ni moja. Babako na Bashir walilichimba pamoja, mimi nikiwapelekea maji ya kunywa. Babako alichimba zaidi, Bashir alikuwa mvivu. Maji hayajui undugu, binti yangu. Hayawezi kukubali nyumba moja yakakataa nyingine. Wewe umesoma. Niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka habari ya mwiko. Nilikuwa nangoja moyo wake usimame kama nilivyoogopa. Haukusimama. Macho yake ndiyo yaliyobadilika, yakawa makavu kabisa.

"Nani mwingine alijua?"

"Hooyo."

"Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekufa?"

"Niliogopa utaumia, Ayeeyo."

"Nimezika mume, nimezika mwana, nimezika ng'ombe mpaka nikachoka kuwahesabu. Ukaogopa nitaumia na simiti?" Alipiga fimbo yake chini, si kwa nguvu. "Nisikilize. Mtoto hamsimamishi mzee mkekani, hilo umelijua vizuri. Lakini kila mzee ana mzee wake. Bashir ana mimi. Ungenijia siku ile ile, ningemwita peke yake, ningemshika sikio, angelifungua bomba kabla ya magharibi na hakuna jirani angejua. Ukanihurumia. Ukamwacha mwanangu alale juu ya haki ya yatima miezi yote hii, na kila siku dhambi yake inaongezeka, na wewe unaiona. Hukumheshimu, binti yangu. Ulimshikia mwiko."

 Mpaka leo nikikumbuka ile sentensi ya mwisho najikuta nimeshika mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto.

Ayeeyo akasimama. Akaniegemea, tukatembea taratibu mpaka nyuma ya nyumba ya Adeer. Akamwita kwa jina lake, kwa sauti ambayo mama humwitia mtoto aliyefanya jambo. Adeer akatoka majlisini, nyuma yake wageni wake wawili wakichungulia dirishani. Hapakuwa tena na siri ya kuhifadhi. Muda wa siri ulikuwa umepita, na mimi ndiye niliyeupitisha.

"Kifungue," Ayeeyo akasema, akionyesha kifuniko kwa fimbo.

"Hooyo, ndani kuna wageni..." Adeer akamwambia mama yake.

"Nao waone."

Akakifungua. Akasimama akiangalia ndani kana kwamba hajawahi kuona.

"Harufu ilikuwa inanifedhehesha," alisema kwa sauti ya chini. "Inapanda mpaka dirishani. Nilitaka kuwatengenezea njia nyingine baada ya mvua."

"Harufu ya nini?"

"Ya maji yao machafu, Hooyo."

"Maji yao." Ayeeyo alimnyooshea fimbo. "Anayenifulia ni nani, Bashir? Anayeniosha miguu ni nani? Ile harufu ni ya maji ninayoogeshwa mimi. Ulimzibia mamako."

Adeer alileta nyundo na tindo mwenyewe. Hakumwita mtu. Alipiga magoti pale mchangani, kanzu nyeupe ya Ijumaa, akapiga mpaka simiti ikapasuka, na maji meusi yaliyokuwa yamelala ndani yakatoka kwa kishindo yakamrukia kifuani. Hakuna aliyecheka. Natamani mtu angecheka.

Sasa ungetarajia nikuambie kwamba mambo yakakaa sawa. Bomba lilikaa sawa. Mashine ililetwa, lakini kule walikuwa wameitumia kufulia matandiko ya majlisi na mazulia, na mchanga wote wa wageni. Ikawashwa mara moja, ikanguruma, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza mpaka leo. Fundi anasema injini imekufa. Iko pale bafuni, Hooyo anawekea juu yake ndoo na sabuni.

Ayeeyo aliomba apelekwe Ijara kwa binti yake. Alisema anataka kusikia kengele za mbuzi. Sote tulijua anachotaka ni kutoisikia sauti ya mwanawe akimtolea salamu kila asubuhi kwa aibu. Hooyo naye alikaa siku nyingi hasemi nami ila la lazima. "Umemvua mzee nguo mbele ya wageni," alisema, na aliposema hivyo alikuwa amevipakata vidole vyake ambavyo havifunguki tena sawasawa. Na Adeer haniiti Brofesa. Ananiita kwa jina langu kamili, kama mtu wa ofisini. Sikuwahi kulipenda jina lile la mzaha. Sasa nalisikiliza kila anapopita, silisikii.

Babako hajui nusu ya haya. Ameshajua sasa, kama unavisoma vitu kwa sauti kama zamani.

Basi, mwanangu, unakwenda nyumba ya watu na mashine. Kabla hujaichomeka, mimina ndoo nzima ya maji kwenye tundu, kwa mara moja, uone kama yanakubaliwa. Yakirudi, usiilaumu mashine na usijilaumu wewe. Ifuate njia ya maji mpaka mwisho wake, ujue yanaishia kwenye ardhi ya nani. Wajir visima viko karibu sana na uso wa ardhi, na maji unayoyamwaga leo yanaweza kuwa chai ya jirani kesho. Weka kitambaa kwenye mdomo wa mpira kinase nyuzi. Na kasili, nakuomba, osha nywele zako uani.

Hayo ni ya bomba. La pili ni gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Siku ya kwanza kuingia nyumba ile, kabla hujajifunza jiko liko wapi, jifunze nani anamsikiliza nani. Usiishie kwa anayekuamuru. Angalia aliye juu yake, mama mkwe, bibi, kaka mkubwa, yule ambaye sauti yake ikitoka wengine hushusha yao. Kaa karibu naye. Mpelekee chai. Na siku utakapoona simiti mahali pa maji, mwendee siku hiyo hiyo, sirini, kwa adabu, na maneno yoyote yatakayokuja, hata kama hayajapangika. Mimi nilikuwa na maneno mazuri sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema. Nami naongeza, anayeungoja msemo ulio kamili atakuta ukuta umeshajengwa na yeye ndiye aliyebeba maji ya kukorogea. Usimhurumie mkubwa kwa kumficha ukweli kuhusu mtoto wake. Na usidanganyike kwamba ukinyamaza umemheshimu mtu. Heshima ni kumzuia mapema, kabla hajahitaji kupiga magoti mbele ya wageni.

Jana nilimkuta Hooyo bafuni. Alikuwa amelibeba karai lake la maji ya nguo kwa mikono miwili, kwa viganja, kwa sababu vidole havishiki. Zamani alikuwa akiyamwaga kwenye mwarobaini. Jana aliyamwaga kwenye tundu, kidogo kidogo, akainama kusikiliza. Maji yakashuka yote, yakatoa ule mlio wa koo linalomeza.

"Yanakwenda," alisema.

 Nilichukua karai mkononi mwake nikaenda kukamua shuka alilokuwa ameliacha uani.

Nenda kwa heri, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye afya mpaka uzee wako, akupe wakubwa unaoweza kuwaendea mchana, na akujaalie nyumba ambayo maji yake yana pa kwenda na maneno yako yana wa kuyasikia. Amin.